Macho ya Mtazamaji na Mdomo Wake: Usimamizi wa Mashindano ya Karata Fizi na Baraka

Katika mashindano ya karata huwapo watu wa namna tatu, yaani wachezaji walioshika karata, mwamuzi anayesimamia kanuni, na watazamaji waliokuja kwa hiari yao. Na ingawa kundi hili la tatu ndilo kubwa kuliko yote, mara nyingi halitajwi kabisa wakati kanuni zinaposomwa, mpaka pale neno moja la mtu aliyesimama nyuma ya kiti linapoharibu mkono uliokuwa ukienda vizuri na meza nzima ikageuka ugomvi. Suala hili lina uzito wa pekee katika teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, kwa sababu huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mwambao wa Ziwa Tanganyika, karata hazihitaji ukumbi wenye mlango na mlinzi, bali huchezwa chini ya mwembe, kwenye kibaraza cha duka au karibu na mahali pa mitumbwi, ambapo mpita njia ana nafasi ya kusimama na kutazama sawa na yule aliyealikwa.

Maisha ya mwambao wenyewe huleta watazamaji. Ndagala, wale samaki wadogo wanaolisha nyumba nyingi za mji wa Baraka na vijiji vya jirani, huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa mwanga huwavuta juu ya maji, na kwa sababu hiyo zile siku za mwezi mpevu, ambapo mbalamwezi huangaza ziwa lote na taa ya mvuvi hupoteza nguvu yake, huwa ni siku za mapumziko, za kushona nyavu na kukaa barazani. Mwandalizi wa mashindano anayepanga tarehe zake kwa kufuata siku hizo hatakosa wachezaji, lakini ajue pia kwamba atapata umati wa watu wasio na kazi ya haraka, wanaoujua mchezo vizuri, na ambao wameshazoea kuusema kwa sauti.

Tena umati huo si wa aina moja. Fizi ni nchi ya Wabembe kwa wingi wao, lakini pembeni ya meza moja anaweza kusimama Mfuliru, Mbwari wa rasi ya Ubwari, Munyamulenge, mfanyabiashara kutoka Uvira, au Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda iliyofunguliwa mwaka 2015, na kila mmoja wao ana lugha ya nyumbani ambayo jirani yake huenda haielewi. Kuna pia wale waliokimbilia Tanzania wakati wa vita vya miaka ya 1990, wakaishi kwa muda mrefu katika kambi za mkoa wa Kigoma kama Nyarugusu, na wengine wao wakarudishwa kwa meli hadi Baraka kuanzia mwaka 2005. Hao wamekulia katika desturi za karata za upande wa pili wa ziwa, na kanuni wanazozikumbuka si lazima ziwe zile za waliobaki. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kelele za watazamaji, ukizisikiliza vizuri, si udanganyifu bali ni ubishi wa kanuni: mmoja anasema karata fulani inakata, mwingine anasema haikati, na mchezaji katikati yao hajui amsikilize nani. Dawa ya kelele ya namna hii ni nyepesi, nayo ni kusoma kanuni zote mbele ya watu kabla ya karata ya kwanza kugawiwa, ili mwenye kubisha abishe wakati ambapo ubishi wake haumdhuru mtu.

Kelele iliyobaki baada ya hapo ndiyo inayohitaji kufikiriwa, na ili kuielewa ni lazima kwanza kutofautisha michezo ya wazi na michezo ya siri. Katika bao, katika dame na katika sataranji, kila kitu kiko mezani: kete zinaonekana, mashimo yanahesabika, na mtazamaji hajui jambo ambalo mchezaji hawezi kulijua kwa kutazama. Barazani Zanzibar na Dar es Salaam watu hucheza bao huku wamezungukwa na washauri wenye maneno mengi, na mchezo huendelea, kwa sababu ushauri wa bure katika mchezo wa wazi hauzidi kuwa maoni, na fundi wa bao huyapuuza. Karata ni jambo jingine kabisa. Mchezaji wa karata anaona karata zake tu, lakini mtazamaji aliyezunguka meza ameona za wawili, pengine za wote wanne, kwa hiyo yeye aliyekuja kustarehe ndiye anayejua mengi kuliko yeyote aliyeketi. Anapofungua mdomo hatoi maoni, anatoa habari. Na habari ikishatoka hairudishwi, hata kama msemaji ataomba radhi papo hapo na kwa moyo safi.

Uzito wa habari hiyo unaonekana wazi katika michezo ya jozi mbili ya ukoo wa sueca, mchezo wa Wareno ambao ndugu zake wameenea katika Afrika Mashariki, na ambao unakumbukwa pwani kwa jina la wahedi wa sitini. Hapo hutolewa nane, tisa na kumi zote, zikabaki karata 40, kila mtu akapata kumi. Ree ina thamani ya pointi 11, saba pointi 10, mzungu wa nne, yaani mfalme, pointi 4, mzungu wa tatu pointi 3, na mzungu wa pili, ambaye ni malkia, pointi 2, na zilizobaki ni garasa zisizohesabiwa kitu. Kila rangi ina pointi 30, jumla yake ni 120, na jozi inayofikisha 61 imeshinda. Turufu ni rangi iliyopewa nguvu ya kukata rangi nyingine zote, hivyo hata garasa ya turufu inaweza kuiua ree ya kopa au ya shupaza pale mwenye nayo anapokuwa ameishiwa rangi iliyoanzishwa.

Sasa tuseme zimebaki karata mbili mkononi mwa kila mchezaji, jozi ya kwanza ina pointi 52, ya pili ina 45, na pointi 23 bado hazijaanguka. Mchezaji wa jozi ya kwanza ameshika ree ya kopa na garasa moja. Akiitupa ree nayo ikapita salama, wenzi hao hawashuki chini ya 63 na mchezo umekwisha, lakini ikiwa mpinzani wake wa kushoto hana kopa na amebakiza turufu moja, ree hiyo itakatwa, na ikiwa mzungu wa nne na mzungu wa pili wa kopa wameanguka pamoja nayo, wapinzani watatoka 45 hadi 62. Mtazamaji aliyesimama kati ya hao wawili anaona vyote viwili. Mkono wa mchezaji unakwenda kwenye ree, na mtazamaji anavuta pumzi kwa sauti, au anasema “Ngoja!”, au anakohoa kwa namna ambayo kila mtu wa mezani ameielewa, na mchezaji anarudisha ree yake na kutanguliza ile garasa. Hakuna karata iliyotajwa wala jina lililotamkwa, lakini ushindi umehama kwa kikohozi kimoja.

Kutokana na mfano huo inafaa kuona kwamba kazi ya mwamuzi si kulinda ukimya. Ukimya ni kitu ambacho mwambao wa Fizi hauna wala hauna haja ya kuwa nacho, na mwandalizi anayejaribu kuuleta kwa vitisho atajikuta amepoteza watu na kubaki na meza tupu. Kinachopaswa kulindwa ni habari, na habari ina wakati wake: kuanzia karata ya kwanza inapoinuliwa kutoka mezani hadi karata ya mwisho inapoanguka, haitoki, baada ya hapo watu wapige vigelegele, wacheke, wamwambie mchezaji jinsi alivyolala na saba mkononi, na warudie kuichambua ile ree mpaka wagawaji wamalize kuchanganya karata. Mwamuzi anayewapa watazamaji nafasi hiyo waziwazi, kwa kupiga filimbi au kengele mwishoni mwa kila mkono, hupata utulivu kwa urahisi zaidi katikati yake, kwa kuwa mtu anayejua kwamba zamu yake ya kusema inakuja huweza kungoja.

Wanaoingilia mchezo si wa nia moja. Walio wengi hutokwa na neno kwa mshtuko tu, na hawa huhitaji kuonywa kwa upole mara moja. Wa pili ni wale walioweka dau, ambao sauti yao hupanda kadiri fedha yao inavyokaribia kupotea. Kwa hao kanuni bora ni kutowaruhusu kabisa kusimama nyuma ya mchezaji ambaye wamemwekea dau au ambaye wameweka dau dhidi yake, na ikiwa mwandalizi anaweza kukataza dau la pembeni kwa jumla, atakuwa amejiondolea nusu ya taabu zake. Wa tatu, walio wachache lakini hatari, ni wale waliopanga njama na mchezaji kabla ya mchezo kuanza.

Njama ya aina hiyo haihitaji maneno. Mfano maarufu zaidi ulitokea katika sataranji, kwenye Olimpiadi ya mwaka 2010 mjini Khanty-Mansiysk nchini Urusi, ambapo Shirikisho la Sataranji la Ufaransa liliwashtaki watu watatu wa upande wake lenyewe: mchezaji Sébastien Feller, kocha Arnaud Hauchard, na Cyril Marzolo aliyekuwa Ufaransa akifuatilia michezo kwa kompyuta. Kwa mujibu wa mashtaka, Marzolo alituma hatua nzuri kwa ujumbe wa simu uliofichwa katika tarakimu, na Hauchard, ambaye kama kocha alikuwa na ruhusa ya kutembea ukumbini, alisimama nyuma ya meza fulani na fulani, kila meza ikiwa na maana iliyopangwa mapema, hivyo mchezaji aliinua macho tu na kusoma jibu kwa mahali aliposimama mwalimu wake. Wote watatu walifungiwa na Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE. Kwa mwamuzi wa karata kisa hiki kina jambo la kujifunza ambalo ni la vitendo kabisa, nalo ni kwamba mtazamaji anayehamahama ni wa kuangaliwa kuliko anayepiga kelele, kwa maana mwenye kelele husikiwa na wote, lakini mwenye miguu husomwa na mmoja tu.

Mchezo wa karata uliolitafakari suala hili kwa muda mrefu zaidi ni briji, mchezo wa jozi mbili na karata 52 unaosimamiwa na Shirikisho la Briji la Dunia, lililoundwa mwaka 1958. Kanuni zake za mwaka 2017 zina kifungu kizima, cha 76, kinachowahusu watazamaji, na ndani yake mna mambo ambayo yangeweza kuhamishiwa Baraka bila kubadilishwa sana: mtazamaji asitazame karata za mchezaji zaidi ya mmoja isipokuwa kanuni za mashindano zimemruhusu, asionyeshe kwa uso wala kwa mwili jinsi alivyouona mchezo wakati mkono unaendelea, asiongee na mchezaji, asimsumbue, na asimwelekeze mtu yeyote kwenye jambo lolote la mchezo, hata kosa lililo wazi. Kwa upande wa mambo yaliyotokea au ya kanuni, anaweza kusema pale tu mkurugenzi wa mashindano, ambaye ndiye mwamuzi, anapomwomba. Kifungu hicho kinaongeza jambo dogo ambalo huzuia mabishano mengi, yaani kila aliye ndani ya eneo la kuchezea ambaye si mchezaji wala si msimamizi huhesabiwa kuwa mtazamaji, awe kocha, mke wa mchezaji au mfadhili aliyetoa zawadi, na inafaa kumhesabu hivyo pia mchezaji wa meza nyingine aliyemaliza mapema. Huyu wa mwisho ndiye anayesahauliwa mara nyingi, ilhali ndiye mwenye jicho kali kuliko wote.

Kanuni ya kutazama mkono mmoja tu inastahili kusisitizwa, kwa sababu ndiyo inayokata shina la tatizo. Aliyeona karata za mchezaji mmoja hajui zaidi ya anavyojua mchezaji huyo. Hata akikohoa, kikohozi chake kwa mchezaji huyo ni maoni tu, kama yale ya mtazamaji wa bao. Katika uwanja wa wazi jambo hili hutekelezwa kwa mpangilio wa mahali kuliko kwa maneno: kamba ikizungushwa hatua mbili au tatu kutoka mezani, viti vya wachezaji viwili vikaegemezwa ukuta au ua, na njia ya kupita ikaachwa upande mmoja, mtazamaji hulazimika kuchagua pembe yake na kukaa nayo mpaka mkono uishe. Mahali pasipo na ukuta, hata mkeka uliosimamishwa juu ya vijiti hutosha.

Katika kosa lililo wazi, michezo imegawanyika, na mgawanyiko huo unahitaji uamuzi wa makusudi kabla ya mashindano. Mtazamaji ameona mchezaji akitupa garasa ilhali alikuwa na rangi iliyoanzishwa, jambo ambalo ni kosa katika karibu michezo yote ya ukoo huu, je, aseme? Kanuni za FIDE zinazotumika tangu Januari 2023 zinasema aliyeona kosa amweleze mwamuzi peke yake, na kwamba mwamuzi anaweza kumtoa ukumbini anayeingilia. Kanuni za mashindano ya Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, zinamtaka mtazamaji anyamaze, lakini katika mashindano yasiyo ya ngazi ya juu kabisa zinamruhusu kuwaomba wachezaji wasimame kidogo wakati anamwita mwamuzi, ruhusa ambayo haipo katika ngazi ya juu kabisa. Njia hiyo ya pili inafaa zaidi mahali kama Baraka, ambapo mwamuzi mmoja huenda anasimamia meza nne au tano na hawezi kuona kila karata inayoanguka, lakini sharti lake ni kwamba mtazamaji aseme neno “Mwamuzi!” na asiongeze lolote, kisha alieleze kosa pembeni, kwa sauti ya chini, mbali na masikio ya wachezaji. Anayesema “Mwamuzi, huyu ana uru ameificha!” ameshasaliti mkono hata kama amesema kweli.

Kwamba mtazamaji wa namna hiyo ni mali na si mzigo kulionekana katika mashindano ya dunia ya briji ya mwaka 1975, yaliyofanyika Bermuda, ambapo kwa mara ya kwanza skrini ziliwekwa mezani katikati ya wenzi ili wasionane nyuso. Mwandishi wa habari Mmarekani Bruce Keidan, aliyekuwa mezani kama msimamizi mtazamaji, aliona kwamba mguu wa Gianfranco Facchini wa Italia uliugusa mguu wa mwenzake, Sergio Zucchelli, chini ya meza, mahali ambapo skrini haikufika. Hakusema neno mezani. Alipeleka habari kwa wakuu, wakaweka watu wengine wa kutazama, na baada ya kusikilizwa, wachezaji hao wawili walikaripiwa vikali, na vizuizi vikawekwa chini ya meza. Kama Keidan angepiga kelele pale pale, angeweza kuonekana mpambe wa Wamarekani anayewavuruga Waitalia, na ushahidi wenyewe ungekwisha kabla haujakusanywa.

Lugha ni sehemu ambapo kanuni za kigeni hazitoshi na Fizi inahitaji ya kwake. Katika poka, nchi nyingi zina desturi ya kuchagua lugha moja ya mezani wakati mkono unaendelea, ili wawili wasielezane karata kwa maneno ambayo wengine hawayaelewi. Ukingoni mwa Ziwa Tanganyika jambo hili si la nadharia, kwani mtu anaweza kumsalimu mchezaji kwa Kibembe mbele ya Mrundi na mwamuzi wa Uvira, na salamu ile ikawa na saba ya turufu ndani yake, au ikawa salamu tu lakini ikatiliwa shaka. Kiswahili, ambacho wote wanakielewa, kinafaa kutangazwa kuwa lugha pekee ndani ya kamba tangu karata zinapoinuliwa, si kwa sababu lugha nyingine zina hila, bali kwa sababu shaka peke yake hutosha kuvunja mashindano, na katika eneo ambalo mivutano kati ya jamii imegharimu watu mengi, haifai mchezo wa jioni ukaacha nyuma maneno ya “wale” na “sisi”. Matangazo ya kanuni, kinyume chake, ni vizuri yatolewe kwa Kiswahili na kisha kwa Kibembe, ili mzee aliyekuja kutazama asiseme hakuelezwa.

Wazee wenyewe wanahitaji mpango wa pekee. Kijana aliyepewa uamuzi hawezi kumwambia mtu wa rika la babu yake anyamaze mbele ya watu bila kuvunja adabu, na mzee aliyeaibishwa ataondoka na nusu ya umati. Wabembe wana lubunga, mahali pa wanaume kukutana, kula pamoja na kusikiliza mashauri, na anayezoea kikao cha namna hiyo anajua tayari kwamba neno lina mpangilio wake. Mwandalizi mwenye busara huutumia mwelekeo huo kwa kuwaomba wazee wawili au watatu wakae ndani ya kamba kama mashahidi wa meza, kila mmoja nyuma ya mchezaji mmoja, wakiwa na jukumu la kumweleza mwamuzi walichokiona pale tu atakapowauliza. Mzee aliyepewa jukumu hunyamaza kwa heshima ya jukumu lake, na mara nyingi huwanyamazisha wengine kwa kuwatazama tu.

Pamoja na maandalizi yote hayo, siku moja neno litatoka, na hapo ndipo mwamuzi hupimwa. Hatua ya kwanza ni kusimamisha mchezo na kuziacha karata zote zilipo, hakuna inayorudishwa mkononi wala kuongezwa mezani. Ya pili ni kuwauliza wachezaji, mmoja mmoja na kwa faragha, wamesikia nini, kwa kuwa mara nyingi neno lililowakasirisha watazamaji halikumfikia mchezaji hata mmoja. Kanuni ya 16 ya briji inamtaka mchezaji aliyepata habari isiyo halali kwa bahati mbaya amwarifu mwamuzi mara moja, na roho ya kanuni hiyo ni nzuri sana: aliyesikia bila kutaka hana kosa, lakini aliyesikia akaficha ana kosa. Wachezaji wakijua kwamba kusema ukweli hakuwapotezei mkono moja kwa moja, watasema.

Baada ya hapo mwamuzi ana njia kama tatu. Ikiwa habari iliyotoka haina maana tena, kwa mfano imetaja karata iliyokwisha kuanguka, mchezo unaendelea. Ikiwa ina maana lakini huenda isitumike, mchezo unaendelea huku mwamuzi akiwa tayari kurekebisha matokeo mwishoni akiona imetumika. Ikiwa mkono umeharibika kabisa, unafutwa. Njia hii ya tatu ndiyo inayopendwa barazani, “tugawe upya”, nayo ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko zote: jozi inayokaribia kushindwa, yenye pointi 30 dhidi ya 58, haina lolote la kupoteza, na mshabiki wake akipiga kelele kutaja karata ya mpinzani, kugawa upya kunampa zawadi ya mkono mpya. Mwamuzi anayefuta kila mkono uliopigiwa kelele atakuwa amewafundisha watazamaji silaha. Briji, ambamo karata zilezile huchezwa katika meza nyingi na matokeo yakalinganishwa, imelitatua jambo hili kwa kutoa alama za kubuni badala ya kugawa upya: upande usio na kosa hupewa angalau asilimia 60, wenye kosa kwa sehemu asilimia 50, na wenye kosa lililo dhahiri usizidi asilimia 40. Katika mashindano ya mtaani hesabu hiyo haiwezekani kama ilivyo, lakini msingi wake unawezekana, yaani kabla ya kufuta mkono mwamuzi aulize kelele imemfaidi nani na aliyeipiga ameletwa na nani. Ikiwa ni mshabiki anayefahamika wa jozi iliyokuwa nyuma, mkono uhesabiwe kwa pointi zilizokwisha kupatikana, na zilizobaki wapewe wapinzani. Ikiwa ni mpita njia asiye wa mtu, hapo kugawa upya ni haki.

Katika kumwadhibu mchezaji kwa kosa la mshabiki wake kuna ugumu ambao haufai kufichwa. Mchezaji hana mamlaka juu ya binamu yake aliyelewa, na anaweza kuharibiwa makusudi na adui anayejifanya mshabiki. Kwa hiyo adhabu ya kwanza imwangukie mtazamaji mwenyewe, kwa kutolewa nje ya kamba, na mchezaji aguswe tu pale anapokuwa alimleta, alimwona akirudia baada ya kuonywa, na hakumwita mwamuzi. Mchezaji naye awe na haki ya kuomba, kupitia kwa mwamuzi na si kwa kugombana, kwamba mtu fulani asisimame nyuma yake. Kanuni za Magic zinampa haki hiyo waziwazi, na haidhuru mtu yeyote ikitolewa.

Simu imeongeza mdomo mwingine. Anayepiga picha ya mkono na kuituma kwenye kundi la WhatsApp anaweza kuwa hana nia mbaya, lakini mwenzi wa yule mchezaji anaweza kuwa na simu mfukoni inayotikisika. FIDE inakataza kutumia kifaa chochote cha mawasiliano ndani ya eneo la mchezo bila ruhusa ya mwamuzi, na mashindano makubwa ya poka yanayoonyesha karata za siri kwenye runinga au intaneti hurusha picha zake kwa kuchelewesha ili habari ifike nje ikiwa imeshazeeka. Kwa Baraka, inatosha kuwa na kikapu kimoja cha kuwekea simu za wachezaji mezani kwa mwamuzi, na ruhusa ya kupiga picha baada ya kengele ya mwisho wa mkono.

Kinachobaki ni malalamiko baada ya mchezo, na hapo watazamaji hupata nafasi yao ya pili. Briji huweka muda: isipokuwa waandalizi wameamua vingine, haki ya kukata rufaa huisha dakika 30 baada ya matokeo rasmi kutolewa. Kikomo cha namna hiyo kinafaa sana mahali ambapo ubishi wa karata unaweza kulala na kuamka asubuhi sokoni. Ndani ya muda huo mwamuzi awaite mashahidi wa meza kwanza, kisha mtazamaji mwingine yeyote ambaye jina lake limetajwa na pande zote mbili, kila mmoja asimulie alichokiona kutoka pale alipokuwa amesimama na si zaidi, na uamuzi uandikwe kwenye daftari la mashindano pamoja na sababu yake, ili meza nyingine ikipata kikohozi cha aina ileile wiki inayofuata, mwamuzi wa siku hiyo awe na la kulitazama.